Tarishi Asiyetia Chumvi

Februari, kanisa la mawe kisiwani Saaremaa.
Nje nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, ndani mbili juu yake.
Hilje Raudkats amevaa soksi mbili mbili na glavu zisizo na ncha,
selo yake ameilaza kando ya jiko kama mgonjwa
anayezoeshwa joto kidogo kidogo.

Mimi nimepiga magoti nyuma ya mimbari
kati ya visanduku viwili na nyaya za mita arobaini.
Maikrofoni hunong'ona mno;
lazima awepo wa kuubeba ule mnong'ono, aukuze mara mia nane,
aufikishe. Basi.
Salamu kama zilivyotumwa.

Cha kwanza nimeazimwa na Tarvo wa Tallinn.
Kina taa za kioo zinazowaka kama makaa,
mshale unaotikisika, jina lililochongwa kwenye shaba.
Kikipewa koo kavu, hurudisha asali.
Kikipewa nyuzi nyembamba, hurudisha nyuzi zenye nyonga.
Waimbaji humwendea Tarvo kwa ajili yake tu.

Cha pili ni cha kijivu.
Alikiunda Endel, fundi wa redio za meli,
akafa kabla hajakipa jina.
Kitufe kimoja, nacho hukwama. Kitaa cha kijani
kidogo kuliko punje ya mtama.

Hilje akapiga sarabanda, mara moja, kwa visanduku vyote viwili.
Kisha nikamvalisha hedifoni.

Cha Tarvo kwanza. Akafumba macho, akatabasamu.
"Huyu ana miaka arobaini. Namkumbuka.
Mchukue huyu."

Halafu cha Endel.
Kidole cha tatu kinachoburuta tangu alipoanguka kwenye barafu.
Pumzi ya puani kabla ya kila upinde.
Kiti kikilalamika, ukuni ukipasuka ndani ya jiko,
na baada ya noti ya mwisho, theluji
ikiporomoka kutoka paani, sekunde nne nzima.
"Huyu ni mzee," akasema. "Mzee na baridi yake."
Akavua hedifoni, akaiweka kwenye benchi kama sahani chafu.

Nikaandika daftarini: T.
Sikubishana. Mlipaji ni yeye, tena kwa pesa za pensheni,
noti alizozikunja ndani ya kitabu cha zaburi.
Nami nimewahi kutia chumvi: kwaya ya watu kumi na wanane
niliifanya sitini, mwaka juzi,
na hakuna aliyelalamika, hata mmoja,
jambo linaloniudhi mpaka leo.

Saa nne usiku simu ikalia.
"Ile theluji. Imo kwenye kisanduku kipi?"
"Vyote viwili. Ila kile cha taa kimeilainisha,
imekuwa kama mtu anayekunja shuka."
Kimya. Nikasikia birika lake likianza kuchemka.
"Baba alikuwa akipanda kuikwangua kila Jumamosi.
Sisi watoto tulikaa ndani, tukimsikiliza alipofika.
Lile paa silitaki na asali."
"Basi cha kijivu."
"Na kidole changu?"
"Kitasikika."
"Kiasi gani?"
"Kama kilivyo."
Akaguna. Akakata bila kuaga.

Asubuhi nikakirudisha cha Tarvo kwenye sanduku lake la sponji.
Nilikuwa nimekiwasha kwa mazoea tu;
kilikuwa na joto la paka aliyeamshwa.
Nikageuza kitufe cha Endel, kikakwama,
nikakipiga kwa kiganja, kikakubali.
Desibeli hamsini na nane.
Nikafunga macho nikiwinda mvumo wa umeme,
ule uzi mwembamba wa nyuki ambao kila kisanduku huuficha mahali.
Nikakuta kanisa tu: mawe, jiko,
soksi za Hilje zikitafuta sakafu.

Akavuta pumzi.